Mfadhili Hakusema

Niliyeondoa matangazo ya vifo kwenye redio yetu ni mimi. Si mfadhili. Mfadhili hakuwahi kuandika, kutamka wala kudokeza kwamba watu wa Amu na visiwa vyake wafe bila kutangazwa. Nililikana jambo hili mbele ya bodi, mbele ya wafanyakazi wenzangu, mbele ya mama yangu mzazi, na mara moja, Mungu anisamehe, mbele ya mwenyewe aliyeumizwa nalo, nikiwa nimeketi juu ya mkeka wake. Waliokuwa wakisikiliza redio asubuhi fulani saa tatu wanalijua. Ninyi vijana wa redio mlikuwa shuleni, na kwa kuwa mmeniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi ya kutafuta ruzuku, sioni namna ya kuwafundisha ujanja wa kazi hii huku nikiwaficha ule uliotushinda.

Kwenye kadi zangu kazi yangu iliitwa ushauri wa maendeleo ya vyombo huru vya habari. Majirani zetu wa mtaa wa Langoni walipomuuliza mama binti yake aliyerudi na shahada anafanya nini, alijibu, "Yuwaandika barua za kuomba." Nilikasirika. Nilimkalisha nikamweleza kuhusu mikakati, walengwa, mabadiliko tunayoyakusudia na njia ya kuyafikia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Ndiyo. Za kuomba."

Nianze na mambo ya faida, maana najua wengi wenu mtaacha kusoma mkifika katikati, kama wafanyavyo wafadhili.

Mwongozo wa maombi usomeni kuanzia ukurasa wa mwisho. Mwanzoni wanasema wanachokipenda, na hapo wote hufanana: wanapenda haki, wanapenda sauti za wanyonge. Mwishoni ndipo wanaposema wasichokitaka, na hapo ndipo mtakapookoa wiki tatu za maisha yenu. Niliwahi kuandika kurasa arobaini za kuomba mtambo wa kurushia matangazo, nzuri kiasi kwamba nilizisomea watu, kabla sijafika kwenye mstari mdogo uliosema shirika lile halinunui vifaa vya aina yoyote.

Jueni pia kwamba kila msimu una neno lake. Nilipoanza lilikuwa kujenga uwezo, tukajenga uwezo mpaka ukakosa pa kukaa. Likaja uwezeshaji, likaja ushirikishwaji, likaja ustahimilivu. Tulikuwa na kipindi kimoja cha bei ya samaki pale forodhani, dakika kumi tu, na katika mikono yangu dakika hizo kumi zilikuwa kwanza uchumi wa jamii, halafu usalama wa chakula, halafu mapambano dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Samaki walikuwa walewale, changu na tafi.

Picha nayo ina mambo yake. Jalada la ombi linataka mwanamke aliyeshika kipaza sauti. Picha yetu iliyofanya kazi kuliko zote ilikuwa ya shangazi yangu, aliyepita ofisini kuchukua funguo zake. Nilimwambia ashike kipaza sauti kidogo nipime mwanga. Kwa mfadhili mmoja alikuwa mwanahabari wa mashinani, kwa mwingine mjane aliyepata sauti, kwa wa tatu mvuvi. Shangazi hajawahi kushika hata ndoana, na mume wake yu hai mpaka leo, analalamika kwamba hajaonyeshwa picha yenyewe.

Na kuna fomu. Fomu hutungwa na watu wasiokujua, na hiyo si dhambi yao. Moja ilinitaka nitaje gari la mradi, aina yake na namba ya usajili, na haikukubali kusonga mbele bila kujazwa. Nikajaza: punda, kijivu, hana namba. Siku ya pili nikapokea jibu la heshima likiuliza kama punda huyo ana bima. Nawaambia haya ili mjue kwamba fomu ikikukabili na swali lisilo na jibu kwenu, unaweza kuandika ukweli wako hapo hapo, na dunia haianguki. Nililijua hilo kwa punda. Kwa maiti nikalisahau.

Siku hizi naona mnaiambia simu iwaandikie maombi, nayo inaandika vizuri, ina maneno yote ya misimu yote. Sina ugomvi nayo. Ila haitawaambia kitu ambacho hamkuiambia, na mimi tatizo langu lilianzia kwenye kitu nilichokiacha nje.

Kabla hamjazaliwa kazini, redio yetu ilifungua asubuhi kwa Kurani, habari, halafu saa tatu kamili ikampisha Bwana Lali. Bwana Lali alikuwa mshona kofia. Alikuja na kopo lake la biskuti lililojaa nyuzi na sindano, akaketi kwenye benchi la nje ya studio, akashona huku akipokea karatasi za watu. Harusi, maulidi, punda aliyepotea Hidabu akiwa na kovu sikioni. Na vifo. Saa tatu ilipofika alichoma sindano kwenye kofia, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akaingia kusoma.

Vifo alivisoma kwa utaratibu wake. Jina, mtoto wa nani, ukoo gani. Kisha jamaa, mmoja mmoja pamoja na mahali alipo: dada yake yuko Kipungani, wajomba wako Siyu, wakwe wako Faza. Kisha maziko, baada ya swala gani. Baada ya hapo alinyamaza kidogo, muda wa mtu kutoka mlangoni na kumwita jirani, halafu akasoma tena tangu mwanzo. Nilimuuliza siku moja kwa nini asifupishe, akaniambia yale majina ya mahali ndiyo tangazo lenyewe. Marehemu hasikii, alisema, anayesikia ni yule wa Kipungani anayetafuta boti.

Kwetu karatasi ikishafika mkononi mwa Bwana Lali, wafiwa walihesabu kwamba wameshaambia watu wote. Simu ina mtandao unaokuja na kuondoka, hasa huko vijijini, na mtu uliyemkosa kwa simu atakulaumu mpaka siku yako. Lakini aliyetangaziwa redioni hana haki ya kulaumu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja. Asubuhi ya msiba mtu hupigwa simu mara moja, mbili, akikosekana karatasi inapelekwa redioni, na watu wanarudi kushughulika na maiti mioyo ikiwa imetulia.

Sasa fomu iliyotuletea mambo. Ilitoka kwa shirika moja la Ulaya, ruzuku ya miaka mitatu, kubwa kuliko zote tulizowahi kuomba. Ilikuwa na jedwali la saa za matangazo: uongozi bora, jinsia, vijana, mazingira. Kila saa ya redio ilipaswa kuingia kwenye safu mojawapo. Saa ya Bwana Lali haikuwa na safu. Niliitazama kwa juu, nikaitazama kwa chini. Nilijaribu kuwaweka maiti kwenye uongozi bora. Nilifikiria kumweka punda kwenye mazingira.

Ukurasa wa kwanza wa mwongozo ulikuwa na jina la mtu na namba ya simu, na chini yake maneno kwamba tusisite kupiga tukiwa na swali. Sikupiga. Mnaweza kudhani nilikuwa na haraka, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilimwona mtu wa mbali, msomi, akisoma kwamba redio huru ya Amu, nguzo ya demokrasia mashinani kama nilivyoiita kwenye ukurasa wa pili, hutumia saa nzuri kuliko zote za asubuhi kutaja wafu na punda. Aibu ile haikuwa ya kwake. Ilikuwa yangu, nilitoka nayo chuo kikuu pamoja na cheti. Nikafuta saa ya Bwana Lali, nikaandika mahali pake kipindi kirefu cha tangu saa tatu mpaka Adhuhuri, kila asubuhi, kwa jina Uwajibikaji Mashinani. Chini kabisa nikaongeza kwamba matangazo madogo madogo yatasomwa nafasi ikipatikana.

Tulipata ruzuku. Nikaenda mbele ya bodi na ratiba mpya, na mwenyekiti alipouliza vifo vimekwenda wapi, nikasema, "Mfadhili amesema."

Lazima niwaeleze nguvu ya maneno hayo mawili. Kwa maneno hayo nilimnyima mpwa wa mwenyekiti kipindi cha muziki. Kwa maneno hayo tuliondoa kiti kibovu ambacho watu watatu walikuwa wamekigombania kwa heshima ya marehemu aliyekitoa. Kwa maneno hayo nilihamia chumba chenye dirisha la baharini. Hakuna aliyewahi kuomba kuona mahali mfadhili aliposema. Mfadhili alikuwa mbali, alikuwa na pesa, na hakuwa na uso, na mtu wa namna hiyo unaweza kumsingizia lolote naye asikanushe. Nilidhani ni ujanja wa kazi. Nilikuwa nikiwafundisha hata wenzangu wa redio nyingine, kwenye semina, wakati wa chai.

Bwana Lali alipoambiwa aliuliza swali moja tu. "Na wenye kufa wamearifiwa, Bi Rukia?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao.

Basi kulikuwa na Bwana Athman, mwenye duka la misumari na kamba Langoni, na dada yake Bi Mwanakheri wa Kipungani. Kama mmeshanunua mkeka mzuri hapa mjini kuna uwezekano umepita mikononi mwa dada huyo. Wazazi wao walifariki yeye akiwa mdogo sana, na kaka yake ndiye aliyemlea, akamwoza, na kila alipokuja mjini kuuza mikeka alimwekea chai na mkate wa mofa, hata alipokuwa mwanamke wa wajukuu. Bi Mwanakheri alikuwa msikilizaji wetu mkubwa. Redio yake ilining'inia kwenye msumari, msumari wa duka la kaka yake, pale walipokuwa wakikaa kusuka, na wanawake wa Kipungani walisuka wakiisikiliza. Alitupigia simu kubishana na kila mtu: na bei za madalali, na mtabiri wa hali ya hewa, na shehe mmoja kuhusu mirathi. Nilimtaja kwenye ombi letu. Nilimwita mfano wa msikilizaji anayeshiriki.

Bwana Athman alifariki alfajiri. Ikawa azikwe baada ya Adhuhuri. Walimpigia dada yake, mtandao wa Kipungani haukuwepo. Saa mbili na nusu karatasi ilikuwa mkononi mwa Bwana Lali.

Kuna jambo ambalo baadhi yenu mliokuja kutoka bara huenda hamlijui. Mwanamke wa kwetu hafuati jeneza makaburini. Yeye humtazama maiti wake usoni kabla hajafunikwa na kutolewa nyumbani, akamwombea, akamuaga. Huko kutazama ndiko kuzika kwake. Hakuna kwingine.

Asubuhi ile Uwajibikaji Mashinani ilikuwa na mjadala studioni, na mgeni mmojawapo nilikuwa mimi. Mada yetu, na laiti ningekuwa naibuni, ilikuwa haki ya mwananchi kupata habari kwa wakati. Nilizungumza vizuri. Nilikuwa kwenye sentensi ndefu nilipomwona Bwana Lali nyuma ya kioo, amevaa miwani yake, ameinua karatasi. Nilijua ni nini. Karatasi za harusi hakuziinua. Nikamnyooshea kiganja: subiri. Akasubiri. Baada ya muda akaja tena, akaibandika karatasi kwenye kioo kabisa, na mimi nikanyoosha kiganja tena, maana kipindi cha ruzuku hakikatizwi, na kinarekodiwa, na rekodi inapelekwa. Akarudi kwenye benchi lake. Adhuhuri ikaadhiniwa tukiwa tunapokea maoni ya mwisho ya wasikilizaji.

Nafasi ilipatikana saa kumi jioni. Bwana Lali aliisoma karatasi kama ilivyoandikwa, bila kubadilisha neno: Bwana Athman, ukoo wake, dada yake yuko Kipungani, atazikwa leo baada ya swala ya Adhuhuri. Akanyamaza ile kidogo yake, akasoma tena. Sijui kama alifanya hivyo kwa utiifu au kwa makusudi. Sijawahi kumuuliza.

Bi Mwanakheri alifika mjini Magharibi inaingia. Alikuta kitanda cha kuoshea maiti kimeshasuguliwa, kimesimamishwa ukutani kikauke.

Asubuhi yake alikuja redioni peke yake. Hakupiga kelele. Alimsalimu Bwana Lali, akamuuliza karatasi ilifika saa ngapi, Bwana Lali akamwambia. Kisha akaja kusimama mlangoni kwangu, kwenye chumba cha dirisha la baharini.

"Nani aloondoa?" akauliza.

Nikamwambia ni masharti ya mfadhili, Bi, hata sisi yametuumiza.

"Mfadhili ndiye nani?"

Nikamwambia ni shirika, liko Ulaya.

"Lina mtu?"

Nikasema lina watu wengi, si rahisi kusema ni nani hasa. Alinitazama kwa muda. Mimi nilikuwa nikitazama bahari.

"Akiya," alisema, yaani siku huyo mtu akija, "nileteeni."

Alirudi kwao, akaiteremsha redio msumarini, akaifunga kwa kitambaa kama kitu cha marehemu. Wanawake waliosuka naye hawakuhitaji kuambiwa. Kipungani nzima ikazima. Nilijua kwa sababu simu za Kipungani zilikoma kama bomba lililofungwa. Katika taarifa ya robo mwaka niliandika kwamba kijiji kile kina changamoto za mtandao.

Tatizo la kumsifu mtu kwenye ombi ni kwamba ipo siku msomaji atataka kumwona. Afisa wa lile shirika, mwanamke aliyeitwa Annika, mpole, aliyeungua pua kwa jua siku ya kwanza, alikuja kututembelea mwaka wa tatu wa ruzuku, kabla hawajaamua kama waendelee nasi. Alikuwa amesoma kila kitu nilichoandika, jambo ambalo kusema kweli sikuwa nimelitarajia. Akataka kwenda Kipungani, kwa yule msikilizaji anayeshiriki.

Hajui Kiswahili. Bi Mwanakheri hajui Kiingereza. Mkalimani nikawa mimi.

Tuliketi kwenye mkeka, wanawake kama kumi, mikono yao ikisuka. Annika aliweka katikati kinasa sauti kidogo chenye taa nyekundu. Wazo la kinasa sauti lilikuwa langu: niliandika kwenye ombi kwamba sauti za walengwa zitahifadhiwa kwa lugha yao. Nilikuwa nimelisahau. Ningependa mlikumbuke hilo. Kila mnachoahidi kwenye ombi, yupo mtu mahali atakayekitekeleza.

Bi Mwanakheri hakuinua macho kutoka kwenye miyaa aliyokuwa akiisuka. "Muulize," alisema, "aliposema maiti wasisomwe, kwao watu hawafi?"

Nikageuka kwa Annika nikamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mama huyu anauliza kama kwao wana mikeka mizuri kama hii.

Annika akacheka, kicheko cha mtu aliyefurahi kuulizwa kitu chepesi. Akasema wanayo, lakini si kama hii.

"Anasema hufa," nikamwambia Bi Mwanakheri. "Na anakusikitikia sana kwa kaka yako. Lakini ni sheria za kwao."

Mikono ya Bi Mwanakheri ikasimama. Akamtazama mgeni kwa mara ya kwanza, meno ya mgeni bado yako nje.

"Mbona yuwateka?" akauliza: mbona anacheka.

Nimewahi kuulizwa maswali magumu na wakaguzi wa nchi tatu. Sijawahi kujibu haraka namna ile. Nikamwambia kwao huzuni huja hivyo.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema pole pole kwamba dunia ina mambo. Bi Mwanakheri akamtazama tena Annika, kwa kitu ambacho ningeapa ni huruma, akamsogezea bakuli la tende. Annika aliguswa. Alilizungumzia bakuli lile njia nzima mpaka forodhani, na mimi nilikubaliana naye kwamba watu wa Kipungani ni wakarimu.

Msije mkadhani dhamiri ilinisumbua. Nililala vizuri. Nilidhani kazi imeisha.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua pepe. Annika alikuwa amempa kijana mmoja wa kike wa Mombasa kanda ile aiandike neno kwa neno na kuitafsiri, kama ombi letu lilivyoahidi. Aliniambatishia kurasa zenyewe, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, maneno yangu yote yakiwa yamejipanga mara mbili. Hakuna mahali alipotumia neno uongo. Aliniuliza: ni matangazo gani haya? Aliniambia hawakuwahi kujua kwamba redio ya visiwani ina huduma ya namna hiyo, na kwamba kama ningepiga simu kuuliza, wangetengeneza safu mpya siku hiyohiyo, kwa sababu kwa maoni yake hakukuwa na kitu chochote kwenye ombi letu kilichofanana na habari kwa wakati kuliko hicho. Mwisho alisema mama wa Kipungani aliuliza swali na hakujibiwa, kwa hiyo amemwomba yule mfasiri ampigie simu ampe jibu lake.

Sasa tazameni jinsi mazoea yanavyofanya kazi. Nilikwenda mbele ya bodi siku ya pili, nikawaambia saa ya Bwana Lali inarudi mara moja. Mwenyekiti akauliza kwa nini. Nikasema, "Mfadhili amesema."

Safari hii ilikuwa kweli, na haikusikika tofauti hata chembe.

Niwatoe hofu kuhusu ruzuku. Waliiendeleza, halafu miaka ikapita, kwao kukawa na uchaguzi, serikali mpya haikuona kwa nini iwalipie watu wa Amu redio, na Annika akaniandikia kuaga. Leo hii hakuna shirika linalotulisha. Redio mnayofanyia kazi inaishi kwa zile shilingi chache ambazo watu huacha kwenye kopo la biskuti wanapoleta karatasi zao. Sikuweza kuliona hilo nilipokuwa na jedwali mkononi, na nilisomeshwa kwa gharama kubwa ili niyaone mambo kama hayo.

Ila nimeruka mbele, na simu haijalia.

Ililia asubuhi ya kwanza tangu Bwana Lali arudi kusoma. Alikuwa ametoka studioni, ameketi kwenye benchi, ndiye aliyekuwa karibu na simu. Akaipokea, akasikiliza, akaufunika mdomo wa simu kwa kofia aliyokuwa akiishona.

"Kipungani," akasema.

Nilifikiria kumwambia nimetoka. Alishaninyooshea simu.

"Rukia."

"Naam, Bi Mwanakheri."

"Amenipigia yule binti wa Mombasa. Amenambia kwao watu hufa."

"Hufa, Bi."

"Na wakifa hawateki."

Nilijaribu kutafuta sentensi. Nina shahada mbili za kutafuta sentensi. "Hawacheki," nikasema.

Nilimsikia mbuzi huko kwake. Nilingoja anitukane. Afadhali angenitukana. Badala yake aliuliza kama karatasi ya ndugu yake bado ipo. Nikamwambia imepita miaka, Bi, karatasi kama zile hazihifadhiwi. Lakini Bwana Lali, ambaye hakuwa akijifanya hasikii, alikuwa ameshafungua kopo lake. Chini ya nyuzi, chini ya sindano, ilikuwepo, imekunjwa mara nne. Akainyoosha gotini kwake, akaniwekea mbele.

"Ipo," nikasema.

"Isome kesho. Saa tatu, saa yake. Usome wewe, asisome Lali. Na uisome kama ilivyoandikwa."

Nikamwambia, Bi Mwanakheri, nitaisoma, lakini fikiria. Imeandikwa atazikwa leo. Jamaa wa Siyu watasikia, wa Faza watasikia, watu watakimbilia boti kuja kumzika mtu aliyekwisha kuzikwa. Mji mzima utashangaa. Watauliza kwa nini tangazo la Bwana Athman linasomwa sasa, miaka yote hii, na nani aliyelichelewesha.

"Basi waambie," alisema, na kabla simu haijakatika nilimsikia akimwambia mtu aliye karibu naye aifungue redio kitambaani, airudishe msumarini.